Kufuga taa wa maji baridi Dodoma: mwongozo kamili, kuanzia kibali hadi chakula

Taa wa maji baridi ni samaki wa mito ya Amerika Kusini: Amazon, Orinoco, Paraná na vijito vinavyoingia humo. Ni bapa, mpana kama sinia, na mkiani ana mwiba wenye sumu. Mtu anaweza kumfuga Dodoma, nyumbani kwake, kihalali, samaki akakua na hata kuzaa. Wengi wanaoshindwa wameanza na samaki, ndipo wakahangaika na tanki, maji na karatasi huku samaki yuko kwenye beseni. Hapa tunakwenda kinyume. Tunaanza na uamuzi, tunapita ofisini, tunakaa sana kwenye maji kwa sababu kwa Dodoma maji ndiyo kazi yenyewe, na samaki anaingia nyumbani wakati kila kitu kimeshasimama.

Kwanza tuweke sawa jambo moja. Maziwa yetu hayana taa. Ukiambiwa kuna taa wa Ziwa Tanganyika au wa bwawa la Mtera anauzwa, usitoe hela. Taa wa pwani wapo, wakiwemo wale wa madoa ya buluu wanaoonekana kwenye matumbawe ya Zanzibar na Mafia, lakini hao ni wa maji ya bahari. Dodoma utalazimika kuwatengenezea maji ya chumvi wiki baada ya wiki, na yule wa madoa ya buluu hugoma kula hata akiwa kwa wafugaji wazoefu. Tena kukamata samaki hai wa mapambo baharini kuna leseni yake. Waache huko waliko.

Pima nyumba kabla ya kupima mfuko

Kwa anayeanza, spishi ninayoitetea ni moja: Potamotrygon motoro, taa wa kahawia mwenye madoa ya rangi ya chungwa yaliyozungushiwa weusi. Anazaliana vizuri kwenye mashamba ya samaki, hasa Thailand na Taiwan, kwa hiyo huna sababu ya kumtaka aliyevuliwa mtoni. Anavumilia tofauti za maji kuliko ndugu zake. Lakini anakua. Unampokea ana upana wa sentimita 12 au 15, na baada ya miaka michache anafika 45, wengine 60, mkia bado hujauhesabu. Akitunzwa anaishi zaidi ya miaka 10.

Kuna wauzaji wanaotangaza taa wadogo "wasiokua". Hawapo. Wanaouzwa kwa jina hilo huwa ni watoto wa spishi nyingine, wadogo, wamechoka, na wengi hufa wiki za mwanzo kwa sababu walifika wakiwa tayari wana njaa. Ukitaka kuokoa pesa, si hapo pa kuokoa.

Kinachohesabika kwenye tanki la taa ni eneo la sakafu, wala si kimo. Mtu mzima mmoja anahitaji angalau sentimita 180 kwa 90, na wawili ni vizuri wapate 240 kwa 120. Ukijaza hilo la kwanza kwa kimo cha sentimita 60 una lita 972, yaani karibu tani moja ya maji kabla hujahesabu kioo na fremu. La pili ni lita 1,728. Uzito huo unakaa chini, kwenye sakafu ya zege iliyo juu ya ardhi, si ghorofani. Kama umepanga, zungumza na mwenye nyumba mapema na umwonyeshe vipimo. Asiyekubali ni heri akatae leo.

Halafu kuna familia. Watoto wa umri wa kupanda kiti na kuchungulia hawafai kuwa na tanki la taa lisilo na mfuniko wa kufunga. Hilo halina mjadala.

Karatasi

Sheria zinazokugusa ni za pande mbili, na bahati nzuri ofisi zote mbili ziko mkoani kwako.

Upande wa kwanza ni uvuvi. Sheria ya Uvuvi Na. 22 ya mwaka 2003, pamoja na Kanuni za Uvuvi za 2009 na marekebisho yake, ndizo zinazosimamia samaki hai wanaoingia na kutoka nchini. Kuingiza samaki hai kunahitaji kibali cha Mkurugenzi wa Uvuvi, Wizara ya Mifugo na Uvuvi, Mtumba. Upande wa pili ni CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, ambao Tanzania imo tangu 1980. Hapa nchini unasimamiwa na Idara ya Wanyamapori, Wizara ya Maliasili na Utalii.

Taa wa maji baridi hawako sawa mbele ya CITES, na hapa ndipo jina la kisayansi linapookoa mtu. Kwenye mkutano wa Panama wa Novemba 2022, spishi saba ziliwekwa Kiambatisho cha II, zikiwemo Potamotrygon leopoldi, yule mweusi mwenye madoa meupe anayetamaniwa na kila mtu, pamoja na ndugu zake Potamotrygon henlei na Potamotrygon jabuti. Hao hawavuki mpaka bila kibali cha CITES cha nchi wanakotoka, hata kama wamezaliwa shambani. Motoro aliwekwa Kiambatisho cha III na nchi zenyewe za Amerika Kusini, Kolombia na Brazili. Akitoka nchi nyingine, kwa mfano Thailand, husafiri na cheti cha asili kinachoonyesha hakutoka huko. Chotara wanaouzwa kwa majina ya kupendeza ni mtego: baba au mama akiwa wa Kiambatisho cha II, karatasi za mtoto zinafuata huko huko. Muulize muuzaji wazazi ni akina nani, akujibu kwa maandishi.

Namna ya kwenda nayo ni hii:

1. Andika barua kwa Mkurugenzi wa Uvuvi. Taja jina la kisayansi, idadi, nchi na shamba wanakotoka, kwamba ni samaki wa mapambo wa kufuga ndani, ukubwa wa tanki, na utakavyozuia wasifike kwenye maji ya asili. Ambatisha picha za tanki likiwa limesimama. Ofisa anayeona tanki tayari anajua anazungumza na mtu wa aina gani.
2. Peleka maelezo hayo hayo Idara ya Wanyamapori na uulize kinachotakiwa kwa spishi hiyo. Omba jibu la maandishi hata kama jibu ni kwamba huhitaji kibali chao.
3. Muuzaji wa nje atoe karatasi za CITES zinazohusika na cheti cha afya ya samaki kutoka mamlaka ya nchi yake. Omba nakala kabla ya kulipa salio.
4. Tafuta wakala wa forodha aliyewahi kupitisha wanyama hai uwanja wa Julius Nyerere, Dar es Salaam. Samaki aliyekwama uwanjani usiku mzima kwa karatasi moja iliyokosekana anakufa ndani ya mfuko wake.
5. Weka nakala zote kwenye faili moja kwa muda wote samaki anapoishi. Siku ukimhamisha kwa mtu mwingine, faili linakwenda naye.

Ukinunua kwa muuzaji wa hapa nchini, kazi ni fupi lakini haijaisha. Omba nakala ya kibali alichoingizia, uhakikishe jina la spishi linalingana na unachokiona, na akupe risiti yenye jina hilo. Akisema karatasi zipo Dar zitakuja baadaye, na wewe mwambie utakuja baadaye.

Ugumu huu una sababu. Sangara aliingizwa Ziwa Victoria miaka ya 1950, na spishi nyingi za furu, samaki wadogo wa ziwani humo, zilizokuwa hazipatikani kwingine duniani zikatoweka. Kule Singapore, motoro waliotupwa na wafugaji wamezaliana ndani ya bwawa la Upper Seletar. Ofisa anayekuuliza maswali mengi anafanya kazi ambayo hakuna aliyeifanya kwa furu.

Maji ya Dodoma

Chungulia ndani ya birika la chai nyumbani kwako. Ule ukoko mweupe uliogandamana chini, unaokatika vipande ukiukwaruza kwa kijiko, ni madini ya maji ya ardhini. Mji wetu unategemea sana visima, hasa bonde la Makutupora, na maji yake ni magumu. Taa ametoka mito ambayo mingi ina maji laini, karibu kama ya mvua. Aliyezaliwa shambani anaweza kuzoea ugumu kiasi, lakini uhusiano wa ugumu na amonia, sumu inayotokana na uchafu wa samaki, ndio unaotakiwa kueleweka: maji magumu huwa na pH (kipimo cha asidi na besi ya maji) ya juu, na pH ikiwa juu, amonia ile ile inakuwa sumu kali zaidi. Kosa dogo ambalo mfugaji wa kwingine anasamehewa, hapa linaua.

Kwa hiyo nunua vipimo vya matone kabla ya kitu kingine chochote: pH, amonia, nitriti, nitrati na ugumu. Pima maji ya bomba lako, ya kisima cha jirani na ya mvua, uandike. Unalenga pH kati ya 6.5 na 7.5, amonia sifuri, nitriti sifuri, na nitrati isizidi miligramu 20 hivi kwa lita. Tazama nitrati kwa makini. Maji mengi ya ardhini mjini hapa huwa na nitrati tayari, kwa sababu ya vyoo vya shimo na mifugo. Bomba likisoma 40, kubadilisha maji kila siku hakutakushusha chini ya 40. Mtu anaweza kuhangaika miezi akilaumu filta, kumbe tatizo linaingia na ndoo.

Dawa ni kuchanganya na maji laini, na vyanzo ni viwili. Cha kwanza ni mashine ya kuchuja kwa utando, kama zile zinazotumiwa na wauza maji ya kunywa mitaani. Ndogo ya nyumbani inatosha, ila inamwaga maji mengi kuliko inayochuja. Yale yanayomwagika mwagilia miti. Cha pili ni mvua, na mimi naipa mvua nafasi ya kwanza. Dodoma inapata milimita 550 hadi 600 kwa mwaka, karibu zote kati ya Desemba na Aprili. Paa la mita za mraba 100, ukipoteza hata moja ya tano, linakupa zaidi ya lita 40,000 kwa msimu. Tanki lako la lita 972 ukilibadilisha nusu kila wiki linataka lita 500 hivi, yaani 26,000 kwa mwaka. Paa linatosha. Tatizo ni pa kuhifadhi: kuanzia Mei hadi Novemba ni wiki 30, lita 15,000 ukitumia mvua tupu, sawa na simtanki tatu za lita 5,000. Ukichanganya nusu kwa nusu na bomba, moja na nusu.

Mvua za kwanza ziache zipite. Zinaosha vumbi la miezi saba, kinyesi cha ndege na zinki ya mabati, na taa ni mwepesi mno kudhurika na metali. Kwa sababu hiyo hiyo usitumie bomba la shaba mahali popote kwenye mfumo wako. Maji ya mvua matupu nayo hayafai yakiwa peke yake, kwa kuwa hayana madini ya kuzuia pH isianguke ghafla. Yachanganye na ya bomba, upime, utulie kwenye uwiano mmoja, usiubadilishe kila wiki.

Maji ya bomba yana klorini. Klorini ya kawaida hutoka ukiyaacha kwenye pipa lililo wazi siku nzima huku pampu ya hewa ikibubujisha, lakini kuwa na dawa ya kuondoa klorini, yenye sodiamu thayosalfeti, ili siku ya dharura usisubiri. Na kwa kuwa mgao wa maji upo, simtanki ya samaki iwe peke yake. Ukichanganya na ya jikoni, siku bomba likikauka jikoni watashinda wao, na watakuwa na haki.

Hewa kavu ya hapa ina tabia nyingine. Maji yanapungua kwa kukauka, madini yanabaki. Ukijazia upungufu kwa maji ya bomba, ugumu unapanda kidogo kidogo mpaka siku moja unapima na hushangai tu, unaogopa. Upungufu wa kukauka jazia maji laini peke yake.

Tanki na filta

Fundi vioo mzuri anaweza kukuundia tanki kwa kioo kinene na silikoni ya akwariamu, isiyo na dawa ya kuua ukungu. Wengine hutengeneza sanduku la mbao lililopakwa epoksi lenye kioo mbele tu, au bwawa la ndani la matofali lililowekewa turubai la bwawa. La mwisho ndilo rahisi kwa taa mkubwa, kwa sababu hutazamwa kutoka juu, na kutoka juu ndiko madoa yake yalikopangwa vizuri.

Filta iwe kubwa kupita unavyodhani. Taa anakula nyama tupu na kunya sana. Njia nzuri ni tanki la pili chini au pembeni, lenye angalau robo ya ujazo wa tanki kuu: maji yanashuka, yanapita kwenye sponji, kisha kwenye vipande vya kauri au plastiki vyenye nafasi nyingi za bakteria, na pampu inayarudisha. Pampu izungushe maji yote mara tano hivi kwa saa.

Sakafu ya tanki ama uiache wazi, ama uweke mchanga laini wa sentimita tatu. Mchanga wa makorongo yetu umetokana na mawe ya granaiti, na mwingi una ncha. Chekecha, chukua konzi, usugue kati ya viganja: ukikuchoma, utamchuna yeye tumboni. Kisha weka kiganja kimoja cha mchanga huo kwenye siki. Ukitoa mapovu una chokaa, na utapandisha ugumu unaohangaika kuushusha. Mawe makubwa, magogo mazito na mimea ya kupandwa havina kazi. Taa hujifukia, hubinua na kupindua vyote.

Hita ifungwe ndani ya kizimba cha plastiki au ihamishiwe tanki la filta. Taa hulala juu ya hita isiyo na kinga na kuungua bila kuondoka.

Wiki sita hadi nane bila samaki

Filta mpya haina uhai. Bakteria wanaogeuza amonia kuwa nitriti, na nitriti kuwa nitrati, huchukua wiki kujijenga. Washa kila kitu, weka amonia safi isiyo na manukato hadi kipimo kisome miligramu 2 kwa lita, halafu pima kila siku mbili. Ukikosa amonia, tumia kipande cha samaki kwenye soksi, kiache kioze. Nyumba itanuka, lakini inafanya kazi. Ukiwa na rafiki mwenye tanki la zamani lenye samaki wazima, omba sponji yake chafu: inaokoa wiki kadhaa. Uko tayari siku utakapoweka amonia ya 2 na baada ya saa 24 ukasoma sifuri kwa amonia na sifuri kwa nitriti, na ukarudia siku inayofuata ukapata vile vile. Kabla ya hapo, hata kama samaki ameshafika Dar, hauko tayari.

Baridi ya Julai na umeme

Taa anataka nyuzi joto 24 hadi 28, na 26 ni pazuri. Juni na Julai usiku wa Dodoma hushuka hadi 13 au 14, na nyumba zetu hazijajengwa kuzuia baridi. Panga hita za wati 600 hadi 1,000 kwa tanki la lita 972, zikiwa mbili badala ya moja: moja ikikwama katika kuwaka haitaweza kuchemsha tanki zima, na ikifa, nyingine inashikilia. Bandika stairofomu chini, nyuma na ubavuni, na ufunike juu. Hilo peke yake linapunguza sana bili.

Umeme ukikatika, kinachoua kwanza ni kukosa hewa, maana bakteria wa filta nao wanapumua. Pampu ya hewa ya volti 12 inayokula wati 10, ikiwa kwenye betri ya ampea-saa 100, ukitumia nusu tu ya betri inakwenda karibu siku mbili na nusu. Paneli ndogo ya sola inairudisha chaji, na jua tunalo. Hita usiijaribu kwenye betri. Funika tanki kwa mablanketi, maji mengi hupoa polepole. Na umeme ukikatika, usilishe mpaka urudi na filta ikae sawa.

Kumchagua na kumleta

Taa mzima humjui kwa rangi. Mtazame kwa utulivu, dakika kumi na zaidi. Nyuma ya kila jicho kuna tundu, na tundu hilo hufunguka na kufungwa kwa mpigo mmoja usiobadilika: anavuta maji kupitia hapo, kwa sababu mdomo uko chini, mara nyingi mchangani. Mpigo ukiwa wa haraka au wa kusuasua, mwache. Tazama mzizi wa mkia: nundu mbili za kiuno zikichomoza juu ya ngozi, ana njaa ya siku nyingi. Kingo za mwili zilale chini au zipepee wakati anaogelea. Zikijikunja kwenda juu na kubaki hivyo, anaelekea kufa. Halafu omba alishwe mbele yako. Asiyekula dukani usitegemee atakula kwako.

Mwaka wa kwanza chukua mmoja, au wawili wa umri mmoja. Madume huwang'ata majike wakati wa kupandana, na tanki likiwa dogo jike hana pa kukimbilia.

Kutoka Dar ni kilomita 450 hivi kwa barabara. Safiri usiku, jua la mchana la Chalinze na Morogoro likiwa limekwenda. Samaki awe kwenye mifuko miwili iliyopandana, yenye oksijeni, ndani ya sanduku la stairofomu, mwiba ukiwa umevishwa kipande cha mrija laini usitoboe mfuko. Asilishwe siku moja au mbili kabla. Ukifika, zima taa za chumba, mhamishie kwenye beseni pana pamoja na maji yake, dondoshea maji ya tanki polepole kwa saa moja au mbili, kisha mhamishe kwa beseni au chombo cha plastiki. Wavu hunasa mwiba. Maji ya safari mwaga, yasiingie tankini.

Chakula

Nyungunyungu ndio rafiki wa mfugaji wa taa. Hata aliyegoma kula huwakubali. Kipindi cha mvua wanapatikana chini ya samadi yoyote yenye unyevu. Kiangazi utalazimika kuwafuga mwenyewe: shimo au ndoo pana kivulini, samadi iliyooza, maganda ya ndizi na maboga, unyevu kila siku. Usichukue kwenye bustani inayopigwa dawa. Waoshe, waache usiku mmoja kwenye karatasi yenye unyevu watoe udongo tumboni, ndipo uwape.

Zaidi ya hao, mpe mnofu wa perege au sato, kamba wasio na chumvi, na akizoea, vidonge vya kuzama vya samaki walao nyama. Perege wa mabwawa ya Mtera na Hombolo wanapatikana mjini. Gandisha mnofu siku kadhaa kabla ya kumpa ili kupunguza vimelea. Nyama ya ng'ombe na kuku haimfai, mafuta yake hayayeyuki vizuri mwilini mwake. Dagaa wakavu wa sokoni mara nyingi wana mchanga, na wengine wana chumvi. Wadogo hula mara mbili hadi tatu kwa siku, mkubwa mara moja, naye apumzike siku moja kwa wiki. Baada ya nusu saa ondoa kila kilichobaki.

Anavyokula ni kitu cha kutazama. Anapita juu ya nyungunyungu kana kwamba hajamwona, kisha anasimama ghafla, anajibana sakafuni kwa kingo zote, na mwili unatikisika anapovuta. Hakumwona kweli: amemnusa, na amehisi umeme mdogo wa mwili wake.

Mwiba

Mwiba wa taa una meno ya kurudi nyuma na umefunikwa na ngozi yenye sumu. Hashambulii. Anachoma akikanyagwa, akishikwa au akibanwa kwenye kona. Kwa hiyo mkono hauingii tankini kabla hujajua yuko wapi, na usafishaji hufanywa kwa mpira mrefu na kizuizi cha plastiki kati yako na yeye. Usikate mwiba, na usikubali aliyekatwa: ni kinga yake, unamwumiza, na unaota tena. Mwenyewe huuangusha mara kwa mara, ukiuona sakafuni utoe kwa koleo.

Ukichomwa, maumivu huwa makali mno kupita ukubwa wa jeraha. Toka, osha, tumbukiza sehemu iliyochomwa kwenye maji ya moto ya nyuzi 43 hadi 45, ukiyapima kwanza kwa mkono usioumia, ukae humo dakika 30 hadi 90. Joto linavunja sumu. Wakati huo huo mtu aandae usafiri wa hospitali, Benjamin Mkapa au ya Rufaa ya Mkoa, kwa sababu kipande cha mwiba hubaki ndani na sindano ya pepopunda inahitajika. Waambie wazi ni mwiba wa taa. Ukiingia kifuani, shingoni au tumboni, usiung'oe, nenda ukiwa nao. Na kamwe usifanye kazi tankini ukiwa peke yako nyumbani.

Akiugua

Magonjwa mengi ya taa ni magonjwa ya maji. Akigoma kula, pima kwanza, badilisha theluthi moja ya maji, ongeza hewa. Dawa za samaki zenye shaba, fomalini au kijani cha malakaiti ni sumu kwake, hata kama chupa inasema ni salama kwa samaki wote. Usimweke na samaki wanaonyonya kuta za tanki, watahamia kunyonya utando wa mgongo wake.

Watoto, na asipohitajika

Dume anajulikana kwa vijiti viwili vya nyama kando ya mzizi wa mkia. Jike hatagi. Hubeba mimba miezi kadhaa na kuzaa watoto wakiwa kamili, na mwiba wao tayari. Panga tanki la pili mapema, kwa sababu watoto hawa wana soko, na ukiwauza sasa umeingia kwenye biashara: rudi Uvuvi ukaulize leseni inayotakiwa, na kila mtoto aondoke na nakala ya karatasi za wazazi.

Ukihama au ukichoka, tafuta mfugaji mwingine mwenye tanki linalotosha, na uijulishe ofisi iliyokupa kibali. Akifa, mfukie shimo refu mbali na mbwa, mwiba ukiwa umefungwa kwenye chupa ya plastiki. Hombolo, Mtera, mtaro wa mtaani, bwawa la kumwagilia la rafiki yako: hakuna hata kimoja kati ya hivyo ambacho taa huyu anaruhusiwa kuingia, akiwa hai au amekufa.